Kipima sauti cha bei nafuu kwa kukagua usalama wa bidhaa: simu, kifaa cha mkononi, maikrofoni ya USB au Daraja la 1?

Gari la zimamoto la kuchezea lilikuwa juu ya stendi, king'ora kinalia, na sentimita 50 mbele yake nikasimamisha vipima sauti viwili kwa zamu. Cha kwanza kilisoma 83.4. Cha pili 87.1. Kiwango cha ASTM F963, kinachosimamia usalama wa vitu vya kuchezea Marekani, kinataka kifaa cha aina hiyo kisizidi wastani wa desibeli 85 kwa umbali huo. Kwa kifaa cha kwanza gari limefaulu, kwa cha pili limefeli, na mimi nimekaa katikati bila cha kumwambia mwenye mali.

Nikachukua kalibreta, kile kikopo cha chuma kinachovishwa kichwani mwa maikrofoni na kutoa mlio mmoja usiobadilika: desibeli 94.0 kwenye hezi 1,000 (hezi hupima masafa, yaani jinsi mlio ulivyo mzito au mwembamba). Kifaa cha kwanza kikasoma 91.2. Cha pili 94.3. Ukirudisha makosa hayo kwenye hesabu, cha kwanza kinakuwa kimepima 86.2 na cha pili 86.8. Ghafla vinaelewana, na gari limefeli kwa vyote viwili. Kilichokuwa kinadanganya ni kile cha bei ya juu zaidi. Kiliwahi kudondoka na hakuna aliyesema. Msemo wa "rahisi ghali" siku hiyo ulinigeukia.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ulinganisho mwingi wa vipima sauti hushindanisha skrini, idadi ya vitufe na namba zilizochapwa kwenye boksi. Kwa anayekagua usalama wa bidhaa, jambo la kwanza ni moja tu: kifaa hiki kinaweza kuhakikiwa na mimi mwenyewe, leo, kabla ya kupima? Kama hakiwezi, sifa zake nyingine zote ni hadithi.

Unatafuta jibu la swali gani?

Wanaouliza "ninunue kipi" huwa na maswali matatu tofauti bila kujua.

Swali la kwanza ni la kulinganisha: je, sampuli hii ina kelele kuliko ile? Nimebadilisha spika au nimeweka sponji ndani ya kasha, imesaidia? Hapa hata kifaa duni kinafaa, kwa kuwa kosa lake lipo pande zote mbili na linajifuta. Linajifuta, lakini, endapo sauti imebaki ya aina ileile. Ukibadilisha mlio mzito kuwa mwembamba, kosa nalo linabadilika.

Swali la pili ni la kuchuja: je, bidhaa iko chini ya mpaka kwa kiasi cha kutosha nisipoteze ada ya maabara bure? Hapa ndipo wengi wetu tulipo, na hapa ndipo fedha kidogo iliyotumiwa vizuri inalipa.

Swali la tatu ni la ushahidi: je, naweza kuiweka namba hii kwenye faili la bidhaa na mkaguzi akaikubali? Hilo halijibiwi na kifaa peke yake. Linahitaji kifaa cha daraja la usahihi linalotajwa na kiwango husika (Daraja la 1 ndilo kali zaidi, la 2 linafuata), cheti cha ugezi (yaani uthibitisho kwamba kimelinganishwa na kipimo kinachojulikana), utaratibu ulioandikwa, na mara nyingi maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha umahiri wa maabara. Ukinunua kifaa cha bei nafuu ukitarajia kikuvushe kwenye swali la tatu, utanunua mara mbili.

Halafu kuna aina ya sauti yenyewe. Blenda inanguruma mfululizo. King'ora kinapanda na kushuka. Bastola ya fataki inapasuka mara moja na kunyamaza, na hapo kinachotafutwa ni kilele, yaani ncha ya juu kabisa ya sauti. Hizo ni kazi tatu tofauti kwa kifaa, na ya tatu ndiyo inayoaibisha vifaa vya bei ya chini.

| Chaguo | Kinafaa kwa | Kinakwama kwenye | Kalibreta inaingia? |
|---|---|---|---|
| Simu na programu | Kulinganisha haraka | Mipasuko, sauti kubwa sana, ushahidi | Kwa kawaida hapana |
| Kifaa cha mkononi cha bei ya chini | Kuchuja sauti za mfululizo | Wastani, kilele, sauti nyembamba | Vingi ndiyo, kagua |
| Maikrofoni ya USB na kompyuta | Kuelewa sauti inatoka wapi, kurekodi | Kubebeka, ushahidi rasmi | Mara nyingi ndiyo |
| Daraja la 2 chenye wastani na kilele | Karibu uchujaji wote | Masafa ya juu, baadhi ya viwango | Ndiyo |
| Daraja la 1, kilichotumika au cha kukodi | Ushahidi, masafa ya juu | Bei, matengenezo | Ndiyo |

Simu

Sitapoteza muda mwingi hapa. Programu bora ninayoijua ni ile ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inayofanya kazi kwenye iPhone na iPad tu. Wenyewe wanasema katika majaribio ya maabara ilikuwa ndani ya desibeli 2. Sababu ya kubaki kwa Apple inaeleweka: simu za Android zina maikrofoni za kila namna, na nyingi hupandisha na kushusha sauti zenyewe ili mazungumzo yasikike vizuri. Kipimo kinachojirekebisha chenyewe si kipimo.

Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya mdomo wa binadamu. Ukipasua fataki mbele yake inajaa, kilele kinakatwa, na skrini inakuonyesha namba tulivu isiyo na aibu. Simu itumie kujua kama kuna haja ya kutoa kifaa halisi kwenye begi. Basi.

Kifaa cha mkononi cha bei ya chini

Hiki ndicho wengi watanunua, kwa hiyo tukae nacho kidogo. Kina umbo la rimoti, kichwa cha sponji nyeusi, chujio la A (linaloiga jinsi sikio linavyosikia) na la C (linaloacha sauti nzito zipite zaidi), na kitufe cha F na S, yaani mwitikio wa haraka (milisekunde 125) na wa polepole (sekunde 1).

Soma kwanza kilichoandikwa nyuma. Ukiona "IEC 651 Type 2", ujue kiwango hicho cha IEC, shirika la kimataifa la viwango vya vifaa vya umeme, ni cha mwaka 1979, na mwaka 2002 nafasi yake ilichukuliwa na IEC 61672. Kifaa si lazima kiwe kibovu, ila mtengenezaji anayeendelea kunukuu kiwango kilichostaafu zaidi ya miaka 20 iliyopita huenda hajakipima kifaa chake kwa hiki kipya. Unachotaka kuona ni "IEC 61672-1 Class 2", na ikiwezekana cheti chenye namba ya kifaa chako, si ya ndugu yake. Alama ya CE, ile ya bidhaa zinazouzwa Ulaya, haihusiani kabisa na usahihi wa kipimo, ingawa wauzaji huiweka mbele kana kwamba ni medali.

Pili, "usahihi ±1.5 dB". Tafuta maandishi madogo chini yake. Mara nyingi utakuta yameongezwa: kwa desibeli 94, hezi 1,000. Maana yake mtengenezaji ameahidi usahihi kwenye nukta moja, ileile ambayo kalibreta itakuhakikishia. Kuhusu hezi 4,000 hajasema neno. Nayo desimali ya mwisho kwenye skrini, ile 0.1, inaonyesha tu jinsi skrini ilivyogawanywa. Saa ya ukutani ikiwa na mshale wa sekunde haimaanishi inakwenda sawa.

Tatu, tafuta tundu dogo ubavuni lenye skrubu ya kurekebishia. Ukivisha kalibreta na kifaa kikasoma 92.8, unageuza skrubu kwa bisibisi ndogo mpaka 94.0. Vifaa vingine havina skrubu bali vina hatua za kurekebisha ndani ya menyu. Vingine havina chochote, na hivyo viache dukani. Pia viko vinavyojitangaza kuwa na "kalibresheni ya ndani": hiyo hupeleka ishara ya umeme kwenye saketi, haigusi maikrofoni, na maikrofoni ndiyo inayozeeka, kula unyevu na kudondoka.

Kipenyo cha kichwa nacho kina kesi yake. Kalibreta nyingi zinapokea maikrofoni ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Kifaa cha bei ya chini kikiwa na shingo nyembamba kidogo, hewa inavuja pembeni na mlio unashuka. Utarekebisha skrubu kufidia uvujaji na kuharibu kifaa kilichokuwa kizima. Ishara yake ni rahisi kuiona: sukuma kalibreta kidogo kwa kidole, na kama namba inacheza kwa nusu desibeli au zaidi, kiti chake hakijakaa.

Mapungufu makubwa ni mawili. La kwanza ni kukosa wastani wa nishati, ule unaoandikwa LAeq. Viwango vingi vya bidhaa vinataka wastani huo kwa muda uliopangwa, si namba ya juu uliyoiona ikipita. Kwa sauti inayonguruma bila kubadilika hii si shida, kwa kuwa wastani na usomaji wa S vinakaribiana. Kwa king'ora kinachopanda na kushuka utabaki unakadiria kwa macho, na macho yana upendeleo.

La pili ni kilele. Kitufe cha MAX kinashika namba ya juu kabisa iliyopita kwenye mwitikio wa F, na watu wengi wanaamini hicho ndicho kilele. Sivyo. Mwitikio wa F ni mzito kuamka. Kwa jedwali la IEC 61672-1, mlio wa milisekunde 1 tu unaonekana kwenye F ukiwa chini kwa desibeli 21 kuliko ungekuwa endelevu. Mpasuko wa fataki au kofi la plastiki juu ya plastiki ni mfupi kiasi hicho. ASTM F963 inaweka mpaka wa kilele, kwa chujio la C na umbali wa sentimita 50, kuwa 115 kwa mipasuko ya kawaida na 125 kwa inayotokana na baruti. Mtu anapima bastola ya kuchezea, MAX inasoma 101, anafunga boksi kwa furaha. Kilele halisi kinaweza kuwa kimepita 120 muda mrefu.

Jambo dogo la mwisho kuhusu vifaa hivi: vingi vina ngazi za kupimia, mathalani 30 hadi 80, 50 hadi 100, na 80 hadi 130. Ukiwa kwenye ngazi isiyo sahihi, kifaa kinakata juu au kinasoma kelele yake chenyewe chini. Alama ya kuzidi ngazi huwa ndogo kwenye kona ya skrini. Iangalie kabla ya kuandika namba.

Maikrofoni ya USB

Hili ndilo chaguo linalopuuzwa na ambalo mimi, kwa bei yake, ningelitetea mbele ya yeyote. Maikrofoni ya vipimo kama UMIK-1 ya miniDSP huja na faili lake la masahihisho, limetengenezwa kwa kipande chako hichohicho kwa kufuata namba yake. Unaipakia kwenye REW, programu ya bure ya kuchambua sauti, na masahihisho yanafanyika masafa yote, si kwenye hezi 1,000 peke yake. Hilo ni jambo ambalo kifaa cha mkononi cha bei hiyo hakikupi.

Faida yake kubwa ni kuona sauti imeundwa na nini. Nilikuwa na kipuliza hewa cha umeme kilichosoma desibeli 3 zaidi ya kielelezo kilichoidhinishwa. Kwa kifaa cha mkononi ningejua hivyo tu. Kwenye grafu nikaona sindano moja nyembamba imesimama kwenye hezi 2,900, na pembeni yake kila kitu kikawa sawa na kile kielelezo. Ulikuwa mlio wa feni iliyokuwa inagusa ukingo wa kasha. Tuliinua feni kwa washa moja, kile kipete bapa cha chini ya skrubu, na ile sindano ikatoweka.

Mtego wake upo kwenye kompyuta. Kitelezi cha sauti ya kuingia kikisogezwa na programu nyingine, au na mtoto, usomaji wote unahama na hakuna taa itakayowaka. Ndiyo maana kalibreta ni ya lazima hapa, mwanzo na mwisho wa kila kipindi cha kupima. Zima pia kila kinachojiita "kuboresha sauti" kwenye mipangilio. Na usitarajie mkaguzi akubali: maikrofoni na kompyuta yako hazijapimwa kwa pamoja kama kipima sauti chenye daraja.

Daraja la 2 chenye wastani na kilele

Ukipanda ngazi moja unapata kifaa kinachokupa LAeq, kilele cha C, na kumbukumbu ya kuhifadhi. Kwa kampuni ndogo inayoingiza au kutengeneza bidhaa, hiki na kalibreta yake ndiyo seti ninayoipendekeza ikiwa bajeti ni ya kifaa kimoja tu.

Lakini jua daraja linamaanisha nini. Kwenye hezi 1,000 toleo la 2013 la IEC 61672-1 linaruhusu Daraja la 1 likosee kwa desibeli 0.7 na Daraja la 2 kwa 1.0. Ukisoma hapo tu utasema tofauti haina maana. Panda masafa. Kwenye hezi 4,000 Daraja la 1 linabaki kwenye 1.0, la 2 linafika 3.0. Kwenye hezi 8,000 Daraja la 2 linaruhusiwa hadi 5.0 juu au chini.

Sasa fikiria bidhaa zinazotuletea shida: vipaza mlio vidogo vya piezo (visahani vinavyolia vikipitishiwa umeme) ndani ya midoli, saa za kuamsha, vitambua moshi. Vingi vinalia karibu na hezi 3,000, na hapo Daraja la 2 lina ruhusa ya desibeli 2.5. Kalibreta ya hezi 1,000 haioni chochote huko juu. Dawa ni kuomba grafu ya mwitikio wa kifaa chako, kwa kuwa kifaa kizuri cha Daraja la 2 hufanya vizuri kuliko ruhusa yake. Mtengenezaji akisita kuitoa, umepata jibu.

Kitambua moshi kinastahili tahadhari ya peke yake. EN 14604, kiwango cha Ulaya cha vifaa hivyo, inataka kitoe angalau desibeli 85 kwa mita 3. Mpaka umegeuzwa: hapa kelele ndogo ndiyo hatari, kwa hiyo kifaa kinachosoma juu kuliko ukweli ndicho kitakachopitisha bidhaa isiyomwamsha mtu usiku. Aliyezoea kupima midoli huacha nafasi ya usalama upande usiofaa bila kugundua.

Daraja la 1, kilichotumika au cha kukodi

Baadhi ya viwango havina mjadala. ISO 3744, inayotumika kutafuta nguvu ya sauti ya mashine kwa kuweka maikrofoni kwenye nukta kadhaa kuizunguka, inataka Daraja la 1. Kwa kazi ya siku mbili kwa mwaka, kukodi kunashinda kununua, na kifaa huja na cheti kipya.

Kilichotumika kinavutia, ila uliza mambo mawili. Maikrofoni zake bado zinapatikana? Miundo ya zamani ina kapsuli inayohitaji volti 200 za kuichangamsha, na kapsuli mpya inaweza kuzidi bei uliyonunulia kifaa. Na je, maabara ya ugezi bado inakikubali kwa majaribio ya IEC 61672-3, au kimebaki kwenye kiwango cha zamani? Ukipokea kifaa, fungua kofia ya maikrofoni taratibu na umulike kiwambo kwa tochi. Kinatakiwa king'ae kama kioo kisichoguswa. Ukiona doa, mkunjo au alama ya kidole, rudisha. Usikiguse wewe wala kukipuliza vumbi.

Kinachokula desibeli kuliko kifaa

Watu hubishana kuhusu nusu desibeli ya kifaa huku wamepima kwenye chumba kinachowadanganya kwa 6. Mlio wa hezi 3,000 una wimbi la sentimita 11 hivi. Ndani ya chumba chenye kuta tupu, wimbi linalorudi hukutana na linalokwenda, na kila baada ya sentimita 6 hivi kuna bonde. Jaribu: washa king'ora cha piezo, shika kifaa, kisogeze polepole kama unapaka rangi. Utaona 88, 82, 79, 86, bila umbali kubadilika kwa maana yoyote. Kwa blenda, ambayo sauti yake imetawanyika masafa mengi, hali hii karibu haionekani, na ndiyo maana watu huamini chumba chao ni kizuri.

Nje, mahali tulivu pasipo ukuta wa karibu, siku isiyo na upepo, na maikrofoni ikiwa imevaa sponji, ni maabara nzuri kuliko ofisi nyingi. Weka kifaa kwenye stendi ya miguu mitatu na urudi nyuma. Mwili wako nao ni ukuta. Meza pia ni ukuta, uliolala.

Umbali ni wa kuogopwa zaidi unapopima karibu. Kwenye sentimita 50, kukosea sentimita 1 ni chini ya desibeli 0.2. Kwenye sentimita 2.5, kama kwa kitu kinachowekwa sikioni, kukosea sentimita hiyohiyo kunaweza kukugharimu desibeli 3 au hata 4. Kata kijiti cha urefu kamili na ukitumie kama rula. Tepu ya kupimia mkononi haitoshi.

Kelele ya nyuma ipime bidhaa ikiwa imezimwa. Ikiwa chini kwa desibeli 10 au zaidi, mchango wake haufiki nusu desibeli. Ikiwa chini kwa 3 tu, nusu ya nishati unayoisoma si ya bidhaa yako, na kipimo hicho kifutwe.

Ningenunua nini

Kama mfuko unaruhusu kitu kimoja kizuri na kimoja cha kawaida, kizuri kiwe kalibreta. Iwe inafuata IEC 60942, kiwango cha kalibreta za sauti, na iwe na cheti. Huenda ikagharimu kuliko kifaa cha mkononi chenyewe, na wauzaji wataona ajabu. Usijali: kifaa utakibadilisha mara mbili, kalibreta itabaki. Kwa nini 94, kama umewahi kujiuliza? Ni shinikizo la paskali 1, lililogeuzwa kuwa desibeli na kukamilishwa kutoka 93.98.

Anayeuza blenda, feni, pampu na vikausha nywele, yaani sauti za mfululizo: kifaa cha mkononi chenye skrubu ya kurekebishia, pamoja na kalibreta. Umemaliza. Kwa mashine zinazoingia Ulaya, Maagizo ya Mashine ya 2006/42/EC yanataka kitabu cha maelekezo kitaje kelele kwenye nafasi ya mwendeshaji ikizidi desibeli 70, na nguvu ya sauti ikiwa kelele hiyo inazidi 80; seti hii itakuambia uko upande gani wa mistari hiyo kabla hujalipa maabara.

Anayeuza midoli inayoimba na ving'ora: maikrofoni ya USB na kalibreta, ukiwa na subira ya kompyuta, au Daraja la 2 chenye LAeq kama wanaopima ni vijana wa ghala wasio na muda wa grafu. Midoli inayopasuka, kugongana au kutumia fataki: Daraja la 2 chenye kilele cha C, hakuna njia ya mkato, na ngazi yake ya juu iache nafasi ya angalau desibeli 10 juu ya mpaka unaoupima.

Kisha jiwekee mstari wako wa ndani. Kwa Daraja la 2 na sauti nyembamba mimi huchora wangu desibeli 3 chini ya mpaka. Kwa mpaka wa 85: ikisoma 82 au chini, naendelea, ikisoma 88 au zaidi, inarudi kwa mtengenezaji bila kujadili, katikati hapo inakwenda maabara, na ada yake naihesabu kuwa halali. Lile gari la zimamoto, kwa 86.2 na 86.8, liliangukia katikati. Mwenye mali hakutaka kulipa maabara. Alimwomba mtengenezaji aongeze kipingamizi kimoja kwenye waya wa spika, sampuli mpya ikaja ikisoma 80.9 kwenye vifaa vyote viwili.

Kwa vipokea sauti vya masikioni na headifoni za watoto, usinunue chochote katika hivi. Ukiweka maikrofoni mbele ya spika ndogo kama hiyo hewani, unapima kitu ambacho hakuna sikio litakachokisikia, kwa kuwa shinikizo hujengeka ndani ya tundu la sikio lililozibwa. Vipimo vya EN 50332, kiwango cha Ulaya cha vifaa hivyo, vinafanyika kwa kichwa bandia chenye masikio ya IEC 60318, na kichwa hicho peke yake kinagharimu kuliko kila kitu nilichotaja hapo juu kikiunganishwa. Nimeona mtu amebonyeza headifoni kwenye kifaa cha mkononi kwa kiganja, akaandika namba yenye desimali moja. Alipobonyeza kwa nguvu zaidi ilipanda kwa 9.